Boksi Lililojibu Kwanza

Kwa miaka kumi na tisa Obwocha alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai karibu na Ekerenyo, na siku zote hizo hakuna aliyewahi kumwita injinia. Linet alirudi kutoka Nairobi na kompyuta yake mwezi Mei 1997, na kabla wiki haijaisha hata wapishi wa kantini walikuwa wakimwita hivyo. Linet huyu huyu! Alipokuja mara ya kwanza kujifunza kazi hakujua hata kushika bisibisi. Obwocha ndiye aliyemfundisha kuchuna waya. Alimwonea wivu, na tusimsingizie: alijua ni wivu.

Kazi ya kompyuta ilikuwa kuangalia joto, na kuongeza moto wa mashine ya kukaushia ukipungua. Palikuwa na maboksi matatu ya vipimo, mawili kwenye vitanda vya kunyaushia majani mabichi, moja kwenye mashine ya kukaushia. Kompyuta ikiwashwa asubuhi iliita kwenye waya: nani yuko? Boksi lililojibu kwanza lilipewa poti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza ndani ya kompyuta, la pili ya pili, la tatu ya tatu.

"Hakuna haja ya kuiambia boksi gani iko wapi," Linet alimwonyesha meneja Momanyi. "Inajitafutia yenyewe."

Meneja alifurahi utadhani amepata mjukuu.

Obwocha, aliyesimama nyuma yao, aliona jambo ambalo Linet hakuliona. Boksi la mashine ya kukaushia lilikuwa kuukuu, kapasita yake, kile kidude kinachotunza umeme, imechoka, na lilichelewa kuamka. Ndiyo maana kila asubuhi lilijibu la mwisho. Linet alidhani ndivyo ilivyo daima, akaandika katika programu kwamba poti ya tatu ni ya kukaushia, basi. Neno moja tu la Obwocha lingetosha. Alilimeza.

Ijumaa alikwenda Kisii mjini, dukani kwa Indravadan, akanunua kapasita mpya. Jumamosi, Wasabato wakiwa kanisani na mashine zimezimwa, akalifungua lile boksi kuukuu na kulitengeneza. Ilikuwa kazi safi, lehemu inang'aa. Nani angemlaumu fundi kwa kutengeneza kitu kibovu?

Jumatatu wakurugenzi walikuja kujionea. Kompyuta ikaita, na boksi la kukaushia likajibu la kwanza. Programu ikasoma poti ya tatu, ambayo sasa ilikuwa ya kitanda cha majani mabichi, ikakuta baridi. Ikaamini mashine ya kukaushia imepoa, ikaongeza moto. Ikaongeza tena. Harufu ya kuungua ikatanda kiwanda kizima. Ilikuwa chai iliyolimwa na akina mama wa Ekerenyo, Esnah mkewe Obwocha akiwa mmoja wao.

Linet alizima kila kitu. Akafungua boksi moja baada ya jingine, hadi akaiona ile lehemu mpya.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi," Obwocha akasema.

Linet akawageukia wakurugenzi. "Makosa ni yangu. Nilipea hizi boksi majina kwa kufuata nani amejibu kwanza. Ningeuliza kila moja namba yake yenyewe, ile haibadiliki. Fundi ameitengeneza vile inafaa kuwa, ndio tumejua programu yangu ni mbaya. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Makofi ambayo Obwocha aliyatamani miaka yote hiyo yalimfikia mbele ya watu wote, akatamani yaishe upesi. "Asante," akasema.

Baada ya chakula cha mchana Linet alivuta kiti akaketi kando yake na daftari.

"Tata," akamwita, kama Wakisii wanavyomwita baba, "nionyeshe vile ulijua kapasita imechoka. Mimi singeona."

Obwocha alimtazama usoni akitafuta kejeli. Hakuiona. Alitafuta kinyongo, nacho hakukiona. Angekuwa yeye, angenuna mwaka mzima. Akaanza kumweleza, na Linet akaandika kila neno. Jina la injinia halikumuuma tena. Alichomwonea wivu sasa ni ule moyo, na huo hakujua angeupata wapi.