Waliokuja Kumpima Mama

Nani huyu: anabisha hodi kwa adabu, anakalia kiti chako, hali chakula chako, haulizi jina lako, anauliza urefu wako tu? Wengi watajibu fundi wa majeneza. Wamekosa. Fundi wa majeneza angalau anasubiri ufe kwanza.

Huyu alikuja Jumamosi mchana, mwaka wa 2017, huko Joubert Park, katikati ya Johannesburg. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita kwa sababu lifti ilikuwa imekufa siku nyingi, na alipofika juu hakuhema. Jina lake Glenn. Mzungu wa makamo, tabasamu zuri, kazi yake kuzunguka dunia akiitafutia wachezaji klabu moja ya Australia. Nyuma yake alikuja Cédric, kijana wa Uvira, Kongo, anayevaa viatu vyeupe hata siku ya mvua. Cédric ndiye aliyekuwa akiwakusanyia wageni hao watoto warefu wa Johannesburg.

Mama Jeanne alikuwa amepika tangu asubuhi. Sombe la majani ya muhogo, bugali, ndakala, vile visamaki vya kukaanga, na kuku kwa heshima ya mgeni. Yeye ni msusi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja, lakini siku hiyo aliwaambia wateja wake wasubiri. Mgeni alikuwa amekuja kwa ajili ya Emery, na Emery ndiye mtoto wake wa pekee.

Emery alikuwa na miaka kumi na saba na urefu wa mita mbili kasoro kidogo. Cédric alimwona akicheza mpira wa kikapu pale bustanini, akampeleka kwenye kambi ya majaribio ya mpira wa Waaustralia, ule mpira wenye ncha mbili ambao watu huurukia hadi magoti yao yanakaa mabegani kwa wenzao. Mtoto aliporudi nyumbani jioni ya kwanza alimtegea mama yake kitendawili, kama walivyozoea tangu akiwa mdogo: yai gani hupigwa teke na wanaume kumi na wanane na halipasuki? Mama akafikiri mpaka bugali ukaanza kuungua. Wakacheka sana siku ile.

Siku zilizofuata kicheko cha mama kilipungua. Emery alimweleza kwamba kule Australia klabu hukaa pamoja kila mwaka mwezi wa kumi na moja, zikachagua vijana kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huanza. Mtoto wa nje, ambaye nchi yake haiujui mchezo, ana mlango wake wa pembeni. Klabu ikimpenda inamchukua akajifunze huko huko, kwa mshahara. Kwa hiyo, alisema Emery, hawaangalii sana unavyocheza leo. Wanaangalia mwili utakuwaje kesho. Wakampima kiganja, wakampima mikono ikiwa imenyooshwa kama ya Yesu msalabani, wakambana ngozi ya tumbo kwa kikoleo kujua mafuta yake. Wakamuuliza kama huwa analia akishindwa, na kwao nani alikufa, na kwa ugonjwa gani.

Jeanne alikumbuka soko la mbuzi, mnunuzi anavyofunua mdomo wa mnyama kwa kidole gumba. Lakini mtoto alikuwa anasimulia macho yakimeta, naye akakimeza kile kinyaa pamoja na chai.

Sasa mnunuzi alikuwa sebuleni kwake. Chakula hakukigusa. Aligusa kifua, akashukuru, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Akaomba ruhusa kuona mtoto anakula nini, na kabla Jeanne hajaelewa ombi lenyewe, friji ilikuwa wazi na mzungu ameinama ndani yake, ananusa maziwa. Kisha akatoa futi ya chuma mfukoni. Cédric akatafsiri huku akisugua viganja: klabu inapenda kujua mtoto atafika wapi kwa urefu, na hilo linajulikana kwa kupima wazazi. Ni kawaida tu. Avue viatu.

Jeanne alivua kandambili, akasimama ukutani nyumbani kwake, nyuma ya mlango kama mtoto aliyekosea. Mzungu akamwekea kitabu kichwani juu ya kilemba, akafikiri, akamwomba avue na kilemba. Mbele ya mwanawe akavua. Jeanne ni mfupi, tena mfupi wa kutaniwa.

Ikaja zamu ya mumewe. Octave ni mlinzi, alikuwa ametoka zamu na sare yake bado mwilini, na hakuna sare inayomfanya mtu mfupi awe mrefu. Alisimama wima, kisha polepole visigino vikaanza kupanda. Glenn akatabasamu, akamwekea mkono begani, akamshusha chini taratibu. Emery akageuza uso dirishani.

Mzungu akabonyeza simu yake, akafanya hesabu. Tabasamu likaisha. Aliongea na Cédric kwa Kiingereza cha haraka, akidhani mama wa nyumba hasikii. Lakini mwanamke aliyesuka vichwa vya Johannesburg miaka yote hiyo husikia Kiingereza chote. Mzungu alisema wazazi hawa na mtoto huyu hawalingani. Ama kijana ameshamaliza kukua na umri wake ni wa uongo, pengine ana ishirini na mbili, ama kuna jambo hapa halisemwi. Kwa vyovyote klabu haiwezi kumchukua mtu kwa kubahatisha.

Emery naye alisikia. Mabega yake yakashuka.

Cédric alimfuata Jeanne jikoni, akarudishia mlango, akamwita kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Yaya Jeanne, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mimi pia ni wa Uvira, yaya. Thérèse nilimjua. Mtaa mzima ulijua."

Jeanne akashika ukingo wa sinki. Thérèse alikuwa mdogo wake. Emery alitoka katika tumbo la Thérèse, na Thérèse hakumaliza wiki baada ya kumzaa. Kwa watu wa kwao hilo halikuhitaji maneno, maana dada wa mama ni mama. Yeye na mumewe walivuka mipaka na mtoto mgongoni, na Octave alipoulizwa njiani ni wa nani alijibu ni wangu, na jibu likabaki hilo. Kuhusu mwanaume, hakukuwa na cha kusema. Ilikuwa vita. Waliingia askari nyumbani, mmoja akabaki nyuma na Thérèse. Jeanne alikuwa chini ya kitanda.

"Yule mtu alikuwa mrefu," Cédric alisema kwa sauti ya kubembeleza, kama anayetaja bei nzuri. "Mrefu sana. Bon, huyu mzungu anataka namba moja tu. Hataki jina, wala hatauliza alifanya nini. Unamwambia baba mzazi alikuwa hivi," akainua mkono juu ya kichwa chake, "hesabu inakaa sawa, mtoto anapanda ndege."

Jeanne alitazama ule mkono hewani. Miaka kumi na saba alikuwa amemfukia yule mnyama, na huyu hapa kijana wa viatu vyeupe amemfukua, anampangusa vumbi, anamwonyesha mzungu mifupa ilivyo mizuri.

"Na Emery akiniuliza?"

"Atauliza akiwa Australia. Mtu aliyeshiba haulizi sana."

"Toka jikoni kwangu, Cédric."

"Usiposema wewe, yaya, nitasema mimi. Sikuleta watu hapa kuwapandisha ngazi bure."

Ndipo Jeanne akajua hana tena nafasi ya kunyamaza. Kama ni kusikia, mtoto asisikie kwa huyu. Akatoka, akamwomba mgeni kwa Kiingereza chake cha saluni wateremke chini kidogo, kuna jambo la familia. Mzungu akakubali kwa adabu. Adabu hakuwahi kupungukiwa.

Octave alimtazama mkewe, akaelewa. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akavua kofia ya sare, akaigeuza geuza mikononi. Jeanne alimkalisha Emery mbele yake na kumwambia bila kuzunguka, maana angezunguka asingefika. Alimwambia hakumzaa. Alimwambia yule mama mdogo wa kwenye picha ukutani, ambaye Emery aliambiwa kila mara kwamba alikufa kwa homa, ndiye aliyemzaa.

Emery hakulia. Aliitazama picha muda mrefu.

"Na baba?"

"Baba yako ni huyu aliyekuwa anasimama kwa vidole."

Kidogo mtoto acheke. Kisha akatikisa kichwa, akasema hapana mama, yule mwingine. Jeanne akamweleza, kwa maneno machache iwezekanavyo, kwamba ilikuwa vita, alikuwa askari, na Thérèse hakutaka. Octave aliinamisha kichwa. Chini barabarani muuza mahindi alikuwa akiita wateja kwa Kizulu.

Emery akafungua mdomo, na swali lililotoka lilikuwa hili:

"Alikuwa mrefu?"

Swali lilikuwa la mzungu, lakini mdomo ulikuwa wa mwanawe. Jeanne alihisi kinyaa kama hajawahi kukihisi hata siku ile chini ya kitanda, na alijua kabisa si kinyaa cha mtoto. Ni cha watu waliokuja na futi yao wakambana ngozi, wakamfundisha ndani ya wiki moja kwamba hilo ndilo la kwanza la kuuliza kuhusu binadamu. Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa amechoka kuficha.

"Aliinama kupita mlangoni," alisema.

Emery aligeuka akautazama mlango wa jikoni. Tangu ana miaka kumi na mitano huwa anainama kuupita, na kila akiinama mama yake hujishughulisha na sufuria. Alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini. Sasa alijua. Jeanne aliona anavyojua, na kama angeweza kuirudisha ile sentensi angeirudisha kwa meno.

Mtoto akaenda bafuni. Walimsikia akitapika, kisha maji yakimwagika muda mrefu. Octave alisimama kumfuata, Jeanne akamshika mkono.

Wageni walipopanda tena, Cédric aliingia akiwa ameshajipangia uso wa furaha. Emery alisimama katikati ya sebule, uso umelowa maji.

"Mwambie mama yangu ni huyu," alisema kwa Kiswahili. "Baba yangu ni yule. Ameshawapima. Mwingine hayupo."

Cédric akatafsiri. Jeanne alimsikia akisema kwa Kiingereza kwamba kijana ameguswa na habari za familia, anaomba siku mbili, kuna taarifa nzuri sana zinakuja. Emery hakungoja amalize. Akayasema mwenyewe kwa Kiingereza, neno kwa neno, akimtazama mzungu machoni, tena kwa kushusha macho kidogo, maana alimzidi urefu.

Glenn alielewa, au alielewa kiasi kilichomtosha. Akafunga simu. Akasema ni kijana mzuri, anamtakia kila la heri. Akampa kila mtu mkono, hata Octave, na Jeanne alimwona mlangoni akitoa chupa ndogo ya dawa, akajipaka viganja, akavisugua mpaka vikakauka.

Hawakumchukua. Wala hapakuwa na wa kuwalaumu, kwa sababu hawakuvunja sheria yoyote. Jioni ile ile Cédric alituma ujumbe kwenye simu ya Jeanne. Hakuomba radhi. Aliuliza kama katika kanisa lao kuna kijana mwingine mrefu, na kama ni yatima basi vizuri zaidi, hakuna maneno mengi. Jeanne alisoma mara mbili kuhakikisha macho yake hayamdanganyi, akamfuta mtu yule kwenye simu, kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga.

Chakula kilikuwa kimepoa. Octave alikula kidogo kwa sababu hawezi kuona chakula kinamwagwa. Emery alikaa na sahani mbele yake bila kuigusa, na Jeanne hakumlazimisha, wala hakuthubutu kumwita mwanangu, akiogopa neno litarudi mikono mitupu. Mwishowe mtoto akasema, bila kuinua macho:

"Mama, Thérèse alikuwa mtu gani?"

Siku nzima nyumba ile iliulizwa maswali, na hili ndilo la kwanza lililomfanya Jeanne akae chini. Miaka yote alikuwa amezoea kumficha mdogo wake, hakuwa amezoea kumsimulia.

"Mwizi wa sukari," alisema. "Alikuwa anailamba kwenye kiganja, halafu ananisingizia mimi."

Emery akavuta sahani karibu.