Wimbi la Mshiriki wa Kwanza

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujifuta vumbi mwenyewe. Mkabala na mlango wa maabara Profesa alikuwa ametundika picha kubwa yenye mistari miwili. Wa kijani ulitulia kama maji kwenye ndoo. Mwekundu ulipanda ghafla, ukashuka, ukapanda tena. Chini ya ule mwekundu paliandikwa: Mshiriki wa Kwanza, elimu ya msingi isiyokamilika. Huyo ni mimi. Ubongo wangu umewekewa kioo, na kukipiga kitambaa hicho kioo ni juu yangu.

Maabara ile ya chuo kikuu ilikuwa inachunguza namna ubongo unavyosikiliza. Mtu anavalishwa kofia ya nyavu yenye vifundo sitini na vinne, kila kifundo kinatiwa jeli mpaka kiguse ngozi ya kichwa, kisha anafungiwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti. Masikioni kompyuta inamsomea maneno kwa sauti ya mwanamke: meza, mvua, kiatu, mlango. Mara mojamoja inamwita kwa jina lake. Huko nje mawimbi yanajichora. Kundi la kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo. Kundi la pili tulikuwa sisi: wafagizi, walinzi, wauza mboga, wote tulioacha shule njiani.

Niliajiriwa kufanya usafi, lakini kofia nilizivalisha mimi, maana mwanafunzi wa udaktari aliyepaswa kuzivalisha hakuwa na mkono wa kushika nywele. Moyoni nilimwita Grafu. Akiona kichwa kilichosukwa anatoa macho kama ameambiwa akamue chui maziwa. Mimi natenganisha nywele kwa mpini wa kitana, naingiza bomba la jeli, nazungusha kidogo, basi. Halafu naketi kwenye kigoda humo humo ndani, niongeze jeli panapokauka. Tukimaliza naosha kofia kwa shampuu ya watoto na kuzitundika mbele ya feni. Grafu anaandika daftarini, "Kofia imevalishwa na," anatia sahihi yake, kisha anakwenda kunywa kahawa kwa uchovu wa kazi niliyoifanya.

Mwaka mzima Profesa aliniahidi nafasi ya msaidizi wa maabara. Kila nikisimama mlangoni pake, kabla sijafungua mdomo, alisema, "Tungoje matokeo, binti." Matokeo yakaja, na yalikuwa yananihusu. Aliyasoma kikaoni huku nakusanya vikombe: watu wasiomaliza shule wakiitwa, wimbi lao linavurugika. Ubongo wao hautulii kwenye sauti yenye maana. Hawafai kwa kazi za umakini. Alipomaliza akanitazama kwa huruma, ile ya mtu anayemtazama mbuzi wa jirani.

"Si kosa lako," akasema. "Ndivyo ubongo ulivyo. Mgeni tunayemtarajia akishaondoka, utahamia vyoo vya ghorofa ya chini. Kofia tutazitafutia mwenye cheti."

Nikasema ahsante. Ndiyo, nilisema ahsante. Nilikuwa nimebeba vikombe tisa.

Lakini lile wimbi nilikuwa nalijua tangu siku alipokuja mama mdogo, anayenilea, kuwa mshiriki wa tisa. Kwake ukiitwa usipoitika unatafutwa hadi uvunguni. Grafu alimsomea maelekezo mbio mbio, macho kwenye simu: "Mshiriki anaombwa kujiepusha na mwitiko wowote wa kimatamshi katika kipindi cha upokeaji wa vichocheo."

"Haya, baba," mama mdogo akajibu kwa heshima. Akanigeukia. "Amesema nini huyu?"

"Usikilize tu, mama."

"Si angesema."

Tukafungiwa. Meza, mvua, kiatu, kisha sauti ikamwita. "Abee," akasema mama mdogo, chini kwa chini, mdomo karibu umefumbwa. Hakujua hata kwamba amesema. Taya likasogea, ngozi ya panja ikacheza chini ya vifundo vyangu. Tulipotoka tukamkuta Grafu anarukaruka mbele ya kioo cha kompyuta. "Profesa, njoo uone wimbi hili! Ni lile lile!"

Kuanzia hapo nikawa natazama midomo. Mlinzi wa geti akaitwa: naam. Muuza mboga: abee. Wote, kila wakiitwa. Nikakumbuka kuwa hata mimi niliitika, tena kwa woga, nikidhani nimekosea kitu. Wanafunzi wa chuo hawakuitika. Hao hata mama zao wakiwapigia simu hawaitiki. Basi kutokuitika ndiko kulikoitwa akili, kukachorwa kwa kijani na kutundikwa ukutani.

Nilijaribu kusema mara moja.

"Kaka, wale wanaitika."

Grafu hakuinua kichwa. "Nani?"

"Washiriki. Wakiitwa."

"Dada, tumeweka kichujio cha misuli, kompyuta inafuta yenyewe mtikisiko wa uso. Unajua kichujio cha misuli?"

"Sijui."

"Basi osha kofia."

Nikaosha kofia. Watu wawili, miaka mitatu, kompyuta sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye kile kijichumba akamtazama mtu usoni.

Usiku wa kuamkia ugeni nilimweleza mama mdogo habari za vyoo. Akaweka kijiko chini. "Umemwambia mkubwa wao?"

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Huo huo unaonilia chakula."

Mgeni alikuwa mzee mrefu mwenye mvi, kutoka baraza linalodhamini utafiti. Profesa alimtaja kwa shahada zake zote tatu, moja moja, kama anayesoma orodha ya mahari. Profesa mwenyewe alivaa tai iliyomkaba hadi akawa anaongea kwa sauti nyembamba. Akamweka mgeni mbele ya picha yangu, akamweleza ubongo wangu kwa dakika ishirini, nami nimesimama hatua mbili nyuma yao na kitambaa mkononi.

"Na mimi nivalishwe," akasema mgeni. "Nione."

Profesa akacheka meno yote nje. "Karibu sana, mheshimiwa! Leo tutaona wimbi safi la msomi."

Grafu akaandika jina la mgeni kwenye kompyuta. Mimi nikamvalisha.

"Mkono wako mwepesi, binti," mgeni akaniambia. "Ulisomea wapi kazi hii?"

"Hapa hapa, babu."

Tukafungiwa. Meza. Mvua. Kisha sauti ikamwita, na yule mzee, shahada tatu kichwani na vifundo sitini na vinne juu yake, akajibu polepole kama mtoto aliyelelewa vizuri: "Naam." Akaitwa tena. "Naam." Nikaiuma midomo yangu mpaka ikaniuma.

Kompyuta ile hupanga watu yenyewe kwa kulitazama wimbi lao. Mlango ulipofunguliwa Grafu alikuwa ameshaanza kusoma, kwa mazoea tu: "Kundi la pili, elimu ya msingi isiyo..." Sentensi iliyobaki akaimeza. Kiooni wimbi lilikuwa jekundu, refu kuliko langu.

"Vipi?" mgeni akauliza, jeli ikimtiririka kwenye paji la uso. "Nimefaulu?"

"Hitilafu ndogo, mheshimiwa," Profesa akasema. Uso ulikuwa umemshuka hadi kwenye tai. "Kofia haikukaa sawa."

"Nani aliivalisha?"

Wakanigeukia wote. Grafu, mwenye sahihi zake kwenye daftari zima, alininyooshea kidole upesi. Hapo nikaelewa kuwa hata vile vyoo sitavipata. Nitatolewa getini nikiwa mtu aliyeharibu kichwa cha mheshimiwa.

"Kofia imekaa sawa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka, lakini ilitoka. "Ameitika."

"Nini?" Profesa akauliza.

"Ameitwa, akaitika. Taya likasogea. Na wale wengine wote huwa wanaitika. Ukiingia mle ndani utawaona midomo."

Feni ikawa inazungusha kofia zangu.

"Nimeitika?" mgeni akajiuliza. Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, taratibu, hadi akashika mbavu. "Nimeitika! Nisingeitika, marehemu mama angenifufukia!" Akajifuta macho, akamgeukia Profesa. "Na huyu ni nani, aliyeliona hili?"

Nikamwona Profesa akipiga hesabu. Angeweza kusema, ni mfagizi. Lakini hapo angekiri kwamba maabara nzima imefunuliwa macho na mfagizi, na mtu yule alikuwa radhi kufa kuliko kukiri hivyo.

"Huyu," akasema, akiniwekea mkono begani, "ni msaidizi wetu wa maabara. Jambo hili tulikuwa tunalifuatilia naye kwa muda sasa."

Grafu akafungua mdomo. Profesa akamtazama. Akaufumba.

Kesho yake nilisimama mlangoni pake.

"Nimekuja kuchukua barua," nikasema.

"Barua gani?"

"Ile ya msaidizi wa maabara. Mgeni amesema atapiga simu Jumatatu, atapenda kuzungumza na mimi."

Aliandika huku amekunja uso kama mtu anayelamba ndimu. Alikosea jina langu, nikamrudishia, akaandika upya.

Picha ya ukutani nimeishusha mimi mwenyewe. Profesa sasa anaandika makala kuhusu kuitika, na ananiambia ni wazo la siku nyingi. Namwitikia. Karatasi ya maelekezo ya Grafu nimeitia kwenye droo. Jana nilimvalisha fundi bomba, mzee mpole, ameshika kofia yake ya kazi magotini kama yuko mbele ya hakimu.

"Baba, ukisikia unaitwa, nyamaza," nikamwambia. "Ni mashine tu. Hakuna mtu humo."