Mwenye Sura Kwenye Kopo

Mchapaji wa lebo alikuwa na maneno kwa wateja wote isipokuwa mmoja. Mwenye sabuni akitaka maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya njano, aliambiwa papo hapo, "Ndugu yangu, hayo hata mwewe hatayasoma." Muuza mishumaa alipoleta mchoro wa shemeji yake, alirudishiwa mchoro pamoja na pole. Watu walimzoea hivyo, na walirudi kwa sababu lebo zake hazikubanduka wala kupauka. Lakini mama mkwe wake alipoingia mlangoni siku ile, amekumbatia mkoba kifuani, ulimi wa mchapaji ulijikunja kama paka aliyemwagiwa maji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi, mbona unanisimamia kama askari wa lango?"

Hakukaa. Alimfutia kiti vumbi la karatasi, akasimama tena upande wa pili wa meza, mikono nyuma.

Mama alikuwa mtengenezaji wa siagi ya karanga. Alichagua karanga mwenyewe, akazikaanga mwenyewe katika sufuria pana lenye masikio mawili, akazisugua maganda, akazipepeta na kuzisaga. Kwa miaka mingi aliwauzia majirani waliokuja na vyombo vyao. Sasa supamaketi ya barabara kuu ilikuwa imekubali kuiweka siagi hiyo kwenye rafu, kwa sharti kwamba ije katika kopo jipya la plastiki inayoonyesha ndani, lenye lebo ya kueleweka.

"Meneja kaniambia siagi yangu haiwezi kuingia dukani uchi," alisema, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi, mwanangu, nivishie."

Akatoa picha mkobani. Ilikuwa picha ndefu ya ukoo mzima, imepigwa uani kwake: watoto, wakwe, wajukuu, mpaka jirani mmoja aliyekuwa akipita tu. Katikati alisimama mdogo wake Mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba, amevaa kofia yake pana ya ukili na kutandaza mikono kama mtu aliyewazaa wote pale. Mama mwenyewe alikuwa mwisho kabisa upande wa kushoto, na aproni yake, kwa kuwa siku ile alikuwa jikoni akikoroga na alikimbilia picha dakika ya mwisho.

"Wote waingie," alisema. "Hii ni siagi ya familia. Na juu uandike kwa herufi kubwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho: SIAGI SAFI YA KARANGA YA MAMA."

Mchapaji alilitazama kopo. Kopo ni duara. Mtu akisimama mbele yake haoni zaidi ya sehemu ndogo ya lebo, iliyobaki imezunguka nyuma. Mteja mwingine angeambiwa hayo kabla hajamaliza kuketi.

"Mama, ila kopo..." alianza.

"Kopo limefanyaje, mwanangu?"

"Kopo ni zuri, Mama."

Alipomaliza kuipanga lebo kwenye kompyuta, alimchapia nakala moja, akaitandaza mezani. Mama aliivalia miwani. Kidole kilipita juu ya kila sura, akimtaja kila mmoja kwa cheo chake katika ukoo, kisha kikasimama ukingoni upande wa kushoto, penye ukanda mweupe.

"Na hapa? Mbona umeacha pengo?"

Ukanda ule ulikuwa wa gundi. Lebo ikizunguka kopo, ncha moja hupanda juu ya nyingine, na ile ya chini hufunikwa. Kila mchapaji huiacha tupu.

"Ni sehemu ya... ya kupumulia, Mama."

"Karatasi haina mapafu. Ivute picha ifike mwisho."

Akaivuta.

Jioni mke wake alipoiona lebo aliweka mikono kiunoni. "Baba watoto, huyu angekuwa mteja mwingine ungemfukuza na karatasi yake."

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu, nimemfahamu kabla yako. Kwa nini hukumwambia?"

"Mama mkwe haambiwi. Mama mkwe anaitikiwa."

"Haya. Itikia basi, tutaona."

Lebo zikachapwa. Kazi ya kubandika ilifanyika nyumbani kwa Mama, makopo yakiwa bado matupu, maana mafuta ya karanga yakigusa kopo gundi haishiki tena. Kila mtu alifurahi kujiona. Wajukuu walibishana nani katoka mzuri. Mjomba, ambaye kwa kawaida hakuonekana mahali penye kazi, alikuja siku hiyo, akavuta kiti karibu na birika la chai, akawa anashauri.

"Hiyo imekaa upande. Inyooshe. Wewe, usiniwekee kidole usoni."

"Mjomba, shika kopo moja utusaidie," mke wa mchapaji alimwambia.

"Nikishika mimi, nani atasimamia?"

Siagi ikajazwa, makopo yakapelekwa. Siku iliyofuata Mama alivaa gauni lake la kutokea, akampitia mkwe wake, wakaenda kuitazama rafu.

Wafanyakazi wa supamaketi ile walikuwa watu nadhifu. Kila kopo walikuwa wameligeuza ili maungio ya lebo yaelekee ukutani. Na kilicho mkabala na maungio ni katikati ya lebo. Kwa hiyo kutoka mwanzo wa rafu mpaka mwisho wake alisimama Mjomba, Mjomba, Mjomba, kofia kichwani, mikono imetandazwa, na juu ya kila kofia neno moja tu: KARANGA.

Mama alichukua kopo moja, akalizungusha polepole. Akampita mwanawe mkubwa, akampita jirani, akafika nyuma. Pale alikuta aproni yake, nusu. Kichwa na bega vilikuwa vimeingia chini ya ncha ya juu ya lebo. Alikwaruza kwa ukucha. Gundi ya mchapaji, kama kawaida yake, haikuachia.

Wakati huohuo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinyoosha mkono, akachukua makopo mawili. "Ndiyo hii ya Babu Karanga," alimwambia mwenzake. "Jirani kanipa jana kwa mkate, sijalala nikiifikiria. Huyu mzee ana mkono wa kupika!"

Mkono! Mchapaji alitamani sakafu ile ya vigae ipasuke immeze. Mama alilirudisha kopo mahali pake, akaligeuza vizuri kama alivyolikuta, akatoka. Njiani alisema sentensi moja tu. "Nimekaanga mpaka nyusi zimeungua, halafu mwenye mkono ni yeye."

Siagi ilinunuliwa mpaka rafu ikawa tupu. Mjomba akawa mtu mwingine. Alianza kupita supamaketi kila siku, bila kununua chochote, akisimama karibu na makopo mpaka mtu amtambue. Watu walimwuliza siri ya siagi yake, naye alikohoa, akawaambia, "Uvumilivu." Alipoulizwa karanga hukaangwa kwa muda gani, alisema hayo ni mambo ya ndani ya kampuni.

Mama alipomwomba meneja wa supamaketi ruhusa ya kubadili lebo, meneja, dada mmoja aliyependa kuzungumza akipanga bidhaa, alitikisa kichwa. "Mama yangu, badilisha chochote, lakini si ile kofia. Wateja wakiingia wanatafuta kofia. Ukiiondoa watadhani imeisha, watachukua ya wengine, na mimi nitalazimika kuishusha rafu ya chini kule kwenye dawa za mende."

Mama alirudi nyumbani, akalifunika lile sufuria, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Binti yake, mke wa mchapaji, alipokwenda kumwona, alikuta moto haujawashwa. "Sikaangi," Mama alisema. "Mwambieni Babu Karanga akaange."

Habari hizo zilipomfikia, mchapaji alizima mashine katikati ya kazi ya mtu. Alitembea mpaka kwa mama mkwe wake, akapiga hodi, akaingia uani. Safari hii hakusimama na mikono nyuma. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe.

"Mama, nisamehe. Nililiona mapema. Nilijua kopo linazunguka, nilijua katikati ndiko kutakakoonekana, na ule ukanda mweupe ulikuwa wa gundi. Nilinyamaza kwa heshima."

Mama alimgeukia.

"Heshima gani hiyo, mwanangu, ya kumwacha mama mkwe wako agandishwe uso na gundi?"

Binti yake alicheka kwanza, akiwa mlangoni, akajaribu kuzuia kwa kanga. Kisha Mama mwenyewe akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi, na mchapaji, ambaye alikuja akiwa tayari kugombezwa, akacheka kwa kuchelewa kama mtu aliyesahauliwa mlangoni.

"Haya," Mama alisema alipopata pumzi. "Sahau kwamba umeoa hapa. Mimi ni mteja, nimeingia dukani kwako na upuuzi wangu. Niambie."

Mchapaji alisogeza kigoda karibu. "Picha yako ina watu wengi mno. Hii ni lebo, si hati ya mirathi."

"Ehe."

"Herufi zinazunguka mpaka msomaji ashikwe na kizunguzungu. Ziwe chache, zikae mbele. Lebo iwe nyembamba, isilifunike kopo lote toka juu mpaka chini, ili siagi yenyewe ionekane, maana ina rangi nzuri kuliko sisi sote."

"Endelea, usiogope, mke wako simchukui."

"Na iwe na sura moja. Ya mwenye kazi."

"Na meneja anataka kofia," binti alikumbusha.

Mchapaji aliinua kidole. Hapo ndipo fundi aliyekuwa amelala ndani ya mkwe alipoamka kabisa. "Anataka kofia. Hakutaja kichwa! Mama, picha ile kwenye kopo ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mtu akiwa mbali haoni pua wala macho. Anaona kofia. Wateja hawamjui Mjomba, wanaijua kofia yake."

Mama akainuka pale kwenye kinu, akajipangusa. "Mwiteni."

Mjomba alifika akiwa na tabasamu la mtu anayedhani anakwenda kuombwa ushauri. Alipoelezwa alishika ukingo wa kofia kwa mikono miwili.

"Dada, omba kingine. Hii kofia ni utu wangu. Watu wakiniona kichwa wazi barabarani watasemaje?"

"Watasema una kichwa."

"Kampuni imesimama kwa sura hii, dada! Mimi natembea, watu wananisalimia..."

"Sawa," Mama alisema kwa upole uliomtisha hata mchapaji. "Sikunyang'anyi. Aliye kwenye kopo ndiye mwenye mkono, wateja wamesema. Kuni zile pale. Karanga zile pale, gunia zima, zinataka kuchaguliwa, kukaangwa na kusuguliwa. Sufuria nalo hili hapa. Keti, ndugu yangu, tutakuletea hata mto wa kukalia."

Mjomba aliliangalia gunia. Akaliangalia sufuria, masikio yake mawili yakiwa meusi kwa masizi. Alijaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja, halikusogea. Kofia ilitoka kichwani kabla hajanyooka mgongo.

"Inabana kidogo upande wa kulia," alisema, akimkabidhi dada yake. "Uivute nyuma."

Picha ilipigwa hapohapo, Mama ameinamia sufuria, mwiko mkononi, kofia imerudi nyuma kidogo kama alivyoelekezwa, na meno yote nje, kwa sababu Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha akijifunika upara kwa sinia. Mchapaji alikwenda moja kwa moja kuichapa. Ukingoni aliacha ukanda mweupe, na hakuna aliyemwuliza.

Meneja alilipokea kopo la kwanza, akaliinua kwenye mwanga. "Kofia ipo. Na siagi inaonekana. Mbona hamkufanya hivi tangu mwanzo?"

"Tulikuwa tunaheshimiana," Mama alijibu.

Walisimama pembeni wakitazama rafu ikipangwa. Yule mama mwenye mtoto mgongoni alirudi, mkono ukaenda kwenye kofia bila kusita, kisha akalisogeza kopo karibu na macho. "Ala! Kumbe ni bibi!" Akageuka, akamwona Mama na gauni lake la kutokea, akatazama kopo, akamtazama tena. "Ni wewe?"

"Ndimi."

"Unakaanga kwa muda gani, mama, mpaka inakuwa hivi?"

Mama alimwambia yote: moto wa kiasi gani, dalili za kutazama kwenye ganda, na kwa nini mwiko usipumzike. Alieleza mpaka mtoto mgongoni akalala na watu wengine wawili wakasogea kusikiliza.

Tangu siku hiyo wapita njia karibu na duka la mchapaji husikia mara kwa mara sauti mbili zikibishana.

"Kijani hicho ni cha dawa ya minyoo, Mama, sichapi!"

"Utachapa! Mimi ni mteja!"

"Mteja nenda kwa mwingine!"

"Mwingine ana gundi mbovu!"

Wageni hudhani kuna ugomvi wa kuamuliwa, huchungulia mlangoni. Humkuta mwanamke mzee na mwanamume wa makamo wameinamia karatasi moja, kila mmoja amekamata ncha yake, na mke wa mchapaji akiwamiminia chai kwenye vikombe viwili, akiwaomba wapunguze sauti kidogo, kuna watu wanapita.