Alivyokuwa Ikombe

…na kama leo tena mumewe Hebroni atatoka humo ndani na kusema ni presha tu, imepanda kidogo, twende zetu, basi Ikupa hajui atatembeaje na mtu huyo mpaka nyumbani Ndandalo, wakipita kando ya majaruba wakizungumza habari za ndege wanaokula mpunga, kana kwamba ndege ndio walioiharibu nyumba yao, aseme, jamani, aseme, amekaa mbele ya daktari, mlango umefungwa, anataka nini tena, na asubuhi mwenyewe alitamka, amemgeuzia mgongo akivaa viatu, mama Aliko, leo nina maneno kidogo na daktari, wewe utakaa nje, naye akajibu haya, haya tu, akaendelea kufunga kanga kama aliyeambiwa bei ya chumvi, lakini fundo likakataa kushika… “Shoga, sogea kidogo, jua linanichoma huku,” anasema Bi Habiba, mwenye duka la sabuni na sukari karibu na stendi, naye mtu wa presha, naye kila mwezi benchi hili hili, na Ikupa anasogea, anasogea upande wa ukuta, ukuta wa hadibodi uliopakwa rangi ya maziwa, haufiki darini, maana hizi zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa kila mwenye nyumba mjini alikata sebule yake vipande vipande, kipande cha sindano, kipande cha dawa, kipande cha daktari, na maneno ya wagonjwa yanapita juu ya ukuta kama moshi wa kuni mbichi, “Legeza mkono, mzee,” sauti ya daktari hiyo, kijana aliyetoka Tanga, Muksini jina lake, sauti laini ya mtu asiyewahi kuita ng'ombe, na anamwita mzee mtu wa miaka arobaini na sita, halafu mashine ya kukoboa mpunga ya jirani inawashwa, ukuta mzima unatetemeka mgongoni mwa Ikupa na chochote Hebroni alichojibu kimekwenda na pumba… inazimwa tena, mkanda wake mbovu huo, kila mara wanaizima waurekebishe, “…kichwa?” “Kinauma kidogo, asubuhi.” “Na miguu?” “Miguu inavimba jioni.” Kichwa na miguu, ee Mungu, anaanza juu kabisa kisha anarukia chini kabisa, katikati anapazunguka kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani, Hebroni huyu ambaye kwenye mnada wa mpunga hakuna dalali anayeweza kumzidi maneno… “Ile sabuni ya Malawi imekuja tena,” Bi Habiba anasema, “ile yenye harufu, uliyoimaliza upesi, nikuwekee mbili?” na Ikupa anasema hapana, Bi Habiba, bado ipo, ipo kweli, nusu kipande kimekauka kikapasuka, ajipake kwa ajili ya nani, alijipaka miezi ile ya mwanzo akijilaza na harufu yake yote kama shada la maua kaburini, na Hebroni akigeukia ukuta, nimechoka, mama Aliko, kisha akahamishia mkeka ghalani, eti analinda mpunga, mpunga gani wa kulindwa na mtu mzima miezi na miezi, ghala lina kufuli, na Ikupa akiwa peke yake kitandani akisikia anavyokohoa upande wa pili, ukuta mmoja tu wa tofali, akawaza Kasumulu, lazima ni Kasumulu, kule mpakani anakopeleka magunia kuwauzia wa ng'ambo, huko wanawake wana vitambaa vya kichwani vinavyong'aa na wanajua kuhesabu kwacha kwa kidole kimoja, akanusa mashati yake yote, shati kwa shati, na hakukuta chochote ila vumbi la magunia na jasho lake, jasho analolijua, akakaa sakafuni na shati usoni muda mrefu mpaka akasahau alikuwa anatafuta nini… kwa sababu kule Ikombe, kijiji cha ziwani, Hebroni alikuwa mwingine, hilo ndilo linalomtia wazimu, mwili wake ungekuwa umekufa moja kwa moja mtu angezoea, lakini Ikombe, walipokwenda pamoja kununua vyungu vya Ikupa vya kuuza sokoni, akasema leo nitakusindikiza, wakapanda mtumbwi Matema, mlima umesimama juu yao, maji yametulia kama mafuta, na walipofika upepo wa mwera ukaanza kuvuma, mawimbi yakawazuia kurudi, mama mfinyanzi akawapa chumba chenye harufu ya udongo mbichi na kusema laleni, ziwa likitaka litawaachia, na Hebroni akacheka, tangu lini alikuwa hajacheka hivyo, akala samaki mbasa mzima na mifupa akainyonya, akaoga ziwani mchana watu wakimwona, na Ikupa alipokuwa anapita na chungu kichwani akamshika kiuno, mchana kweupe, mbele ya yule mama, kiganja kizima, na kiganja hicho hakikuondoka, siku zote zile hakikuondoka, ilikuwa kama walipokuwa vijana kijijini Ipyana kabla ya watoto, na Ikupa akajua ni mahali, ni nyumba yao ndiyo imefungwa na kitu, na lile ziwa ndilo linalomfungua, kwa hiyo tangu hapo anamsihi, baba Aliko, twende tena Ikombe, vyungu vimeisha, navyo havijaisha, vimejaa nyuma ya jiko kuku wanatagia humo, naye anasema mwezi ujao, mwezi ujao, akiangalia pembeni… “Mzee,” daktari anasema ndani, “mbona huondoki? Kuna lingine?” Ikupa anaacha kupumua. “Nyumbani hali si nzuri, daktari.” “Chakula?” “Chakula kipo.” “Watoto wanaumwa?” “Wazima.” “Mama?” “Mama mzima. Mimi ndiye.” “Wewe una nini?” “Nguvu.” “Nguvu za kulima?” “Za kulima ninazo,” anasema Hebroni, na Ikupa anasikia kalamu ya daktari ikiwekwa mezani, amesema, amesema kweli, baba Aliko wangu, na Bi Habiba aliyekuwa akipiga miayo anafunga kinywa, “Na huyu mwenye mashine,” anaanza kwa sauti ya sokoni, “mkanda wenyewe atanunua lini? Mpunga wa watu unavunjikavunjika, unapata chenga tupu, eti mchele wa Kyela! Wewe mama mwenye mtoto, nawe umeona chenga zile?” na mama mwenye mtoto mwisho wa benchi anaitikia, ehee, bibi, chenga, na wengine nao wanaingilia, kila mtu na chenga zake, na Ikupa anamtazama Bi Habiba, mwanamke mnene, ametazama mbele, hatikisi shingo, anapiga kelele kama anayefukuza ndege shambani, na polepole Ikupa anaelewa kwamba naye amesikia, amesikia yote, na kelele hii ni nguo anayomtupia Hebroni ajifunike, ndaga, Bi Habiba, asante, ndaga fijo, lakini chini ya kelele hiyo Ikupa amekwisha kubandika sikio kwenye hadibodi, “…tangu lini?” “Tangu nilipopewa hivi vidonge.” “Una hakika ni vidonge?” “Nilijaribu.” “Ulijaribu nini, mzee?” “Kuviacha.” Vidonge, vile vyeupe vidogo kama punje, alivyopewa alipoanguka jarubani wakati wa mavuno, yeye mwenyewe Ikupa humletea maji ya kumezea kila asubuhi, maji kwa mikono miwili… “Nilikuwa nakwenda Ikombe na mama, kununua vyungu. Niliacha siku kadhaa kabla hatujaondoka, nilikuwa naficha chini ya ulimi halafu natema nje. Na huko sikwenda navyo.” “Na ikawaje?” Mashine inanguruma, sasa hivi inanguruma, Mungu wangu, na Ikupa anakunja ngumi zote mbili, izimeni, izimeni, na inazimika yenyewe, “…nikawa mtu tena, daktari.” “Mzee, ungekufa. Ghafla hivyo? Ungepasuka mshipa wa kichwa hapo hapo.” “Najua. Mliniambia siku ya kwanza.” “Mkeo alijua?” “Hajui. Na wewe usimwambie.” “Kwa nini?” Na Hebroni anajibu polepole, kama anayetoa mwiba, “Anapapenda sana Ikombe.” … kumbe si ziwa, si mlima, si hewa, si harufu ya udongo, ni mtu aliyesimama ukingoni mwa kaburi lake akanyoosha mkono kumshika kiuno, na ile siku ya kurudi, mtumbwini, aliposhika kichwa na damu ikamtoka puani ikadondokea kwenye chungu kipya, nani aliyecheka, yeye Ikupa, akasema tazameni mtu wa mpunga kaonja maji makubwa, wapiga makasia wakacheka, na Hebroni naye akacheka, akajifuta kwa kiganja, kiganja kile kile, akacheka nao akijua ni nini kile… mshenzi, mshenzi wewe, ungenifia majini mimi ningekurudishaje, ningewaambia nini wanao, baba yenu alikufa kwa sababu mama yenu alikuwa ananuka sabuni, na hasira inampanda mpaka machoni, na chini ya hasira kuna kitu kingine kinatambaa, anakionea aibu, kitamu, kitamu kama maji ya baridi baada ya kupalilia, kwamba alitaka, kwamba huko ghalani kwenye mkeka hakulinda mpunga wowote, alikuwa macho, akikohoa upande wake wa ukuta na mkewe akinyamaza upande wake, wote wawili njaa moja, na yeye alidhani njaa ni yake peke yake… “Sikiliza, mzee wangu,” daktari anasema, na sauti si laini tena, “zipo dawa za aina nyingine. Tutabadilisha, lakini polepole, na utakuja upimwe. Wengine hali inarudi. Wengine inarudi nusu. Sikudanganyi. Ila usiache tena, hata siku moja.” “Ndaga, daktari. Lakini anataka twende tena. Kila siku Ikombe, Ikombe.” “Nenda, dawa mfukoni.” “Nikienda nazo atanikuta kama nilivyo nyumbani. Atajua hata kule kumeisha.” Hata kule kumeisha, amesema, na Ikupa anahisi ziwa lote likimtoka mikononi, maji, mchanga, chumba, kule alikokuwa anakimbilia kila anapofumba macho, basi, pamekwisha, hatakwenda tena, au ataenda na mwanamume mwenye vidonge mfukoni wanunue vyungu warudi, na sawa, arudi tu kutoka ghalani, arudi kitandani alale, ampe mgongo, ule mgongo mpana, utamtosha… hapana, asijidanganye, hautamtosha, ana miaka thelathini na tisa, utamwuma kila alfajiri kama jino, atautaka, atautaka na harufu yake na kiganja chake mpaka azeeke, lakini utakuwa unapanda na kushuka, una pumzi, ataweka shavu hapo ahesabu pumzi, na akililia jambo atalilia pale pale, mgongoni, asikie, si upande wa pili wa tofali… “Nimwite mama aingie?” daktari anauliza. “Yuko nje, si ndiyo? Haya mambo ni ya watu wawili, mzee, peke yako utavitema tena.” Mashine haingurumi. Benchi zima limeishiwa na habari za chenga, mtoto anachezea ncha ya kanga ya mama yake, Bi Habiba ametazama mikono yake, na mlango umefungwa vile vile ulivyokuwa, kitasa kimetulia, Hebroni bado hajajibu, na Ikupa, ambaye mwezi mzima ameomba aseme, aseme yote, sasa hataki yote, anataka neno moja, fupi, mwite, Hebroni, mwambie aniite…