Vibarua wa Darasa la Tano

Fundi mwashi aliyepewa kazi ya kujenga darasa jipya alikuwa mbioni, maana wakaguzi wa shule walikuwa njiani na ukuta haujafika hata usawa wa dirisha. Vibarua wake walikuwa wamemkimbia. Akamfuata mwalimu mkuu ofisini, kofia mkononi.

"Mwalimu, nigawie watoto wa kunisogezea matofali. Sitaki wenye akili, usije ukaniambia nimewaharibia masomo. Nipe vichwa maji."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Hao ninao wa kumwaga."

Kundi la kwanza likaja. Fundi alifurahi: vibarua wa bure, hawaombi hata soda! Mvulana mmoja alipolegea, akamwonyesha maandishi ya mfuko wa saruji.

"Hebu nisomee hapa."

Mtoto akakodoa macho tu.

"Basi beba, bwana mkubwa, kalamu haikutaki!"

Wenzake wakaangua kicheko, naye fundi akacheka nao.

Likaja kundi la darasa la tano. Aliyetangulia, ndoo ya mchanga kichwani, alikuwa binti yake mwenyewe. Kila jioni alimwambia baba yake kwamba shule inakwenda vizuri, na fundi akiona sare safi, aliridhika.

Akadhani wamemleta kwa makosa. Akamvuta hadi kwenye mfuko.

"Soma, mama."

Binti akatua ndoo, akagusa herufi ya kwanza, akaitaja. Ya pili, akaitaja. Kuziunganisha kukamshinda. Watoto wakaanza kuchekea viganjani. Mchezo walikwisha kuujua.

Fundi alikwenda ofisini mbiombio, mikono imejaa saruji. "Mwalimu, yule ni mwanangu!"

"Najua," alijibu mwalimu mkuu bila kuinua kichwa. "Watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja. Waliokaa nyuma ndio hao. Umetaka vichwa maji, nimekupa. Au nimrudishe akakae nyuma tena?"

Fundi akageuka, akatoka. Nje, saruji aliyoikoroga ilikuwa imeanza kushika. Akarudi, akaimwagia maji, akashika mwiko. Utani ulikuwa umemwisha.

Binti yake alisimama mbele yake na ndoo, macho chini.

"Fundi," akauliza, kama walivyomwita wenzake, "nimwage wapi?"

Akamwonyesha kwa ncha ya mwiko.