Sentensi Nne Alizozikataa Mama

Wanafunzi walimwita Mama Miti, na mwenyewe hakuwa na habari mpaka alipolikuta jina hilo limechorwa kwa kalamu kwenye dawati la mstari wa nyuma. Alifundisha sintaksia, yaani jinsi akili ya mtu inavyounga maneno yakawa sentensi, na kila sentensi aliyoigusa aliichorea mti ubaoni, shina juu na matawi chini. Chaki ikimwishia aliendelea kuchora hewani kwa kidole. Wapo waliodai kwamba ukimsalimia anakitafuta kwanza kiima cha salamu ndipo aitikie.

Utafiti wake ulihusu lugha ya nyumbani kwao, yenye wasemaji wachache na vitabu vichache zaidi, na msemaji wake mkuu alikuwa mama yake mzazi, fundi cherehani. Kazi yenyewe inataka subira. Mtafiti anatunga sentensi, anamsomea msemaji, anamuuliza: hii inasemwa au haisemwi? Ikisemwa, anaiandika ilivyo. Isiposemwa, anaiwekea nyota mbele, na usidhani ni nyota ya pongezi, ni alama ya kuikataa.

"Huo udaktari wako hautibu hata mafua," mama alikuwa akimtania. "Kazi kuwauliza watu wazima kama wanajua kusema."

Likizo iliyopita binti alimsomea sentensi arobaini za lugha yao. Nyumbani kumefika wageni: inasemwa. Nyumbani kumeingia mwizi: inasemwa, Mungu apishe mbali. Nyumbani kumerudi mtoto: haisemwi. Akajaribu kuweka kijana, akaweka mwana, akaweka kaka, na zote nne mama alizikataa katakata. Binti hakuamini bahati yake. Kitenzi kimoja kinachogoma pale wenzake wote wanapokubali ni dhahabu kwa watu wa fani hiyo. Akakijengea nadharia nzima, na mti wenye tawi la ziada lisiloonekana. Jarida kubwa likaipokea makala, uprofesa ukaanza kunukia, na kilichobaki ni kuidhinisha nakala ya mwisho kabla ya Jumatatu.

Jumatano, Mama Miti akiuchora mti huo kwa mbwembwe mbele ya darasa la uzamili, mwanafunzi mmoja aliyelelewa na bibi anayesema lugha hiyohiyo akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kwa bibi, hiyo tunaisema kila jioni. Nyumbani kumerudi ng'ombe."

"Una uhakika?"

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwarudisha."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Miti alicheka nao, lakini kipindi kilipoisha hakungoja maswali.

Alijifungia ofisini, akaweka vidude masikioni, akasikiliza upya sauti alizorekodi. Mara ya kwanza alikuwa amesikiliza majibu tu. Sasa alisikia na cherehani. Ilikuwa ikikata mbuga kwa wageni na kwa mwizi. Kwenye "kumerudi mtoto" ilisimama ghafla. Kimya. Akahesabu sekunde tisa. Kisha sauti ya mama, kavu: "Haisemwi hiyo." Cherehani ikaendelea.

Akaiandika sentensi ile kwenye karatasi, akaisoma kama mtu wa kawaida, si kama mwalimu. Mtoto, amerudi nyumbani.

Kaka yake mkubwa, waliyemwita Kepteni tangu alipoongoza timu ya shule, aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita kwenda kutafuta kazi nchi za mbali. Miaka miwili ya kwanza aliandika barua. Baada ya hapo kimya, si barua wala simu, na hakuna aliyejua yu hai au la. Pale nyumbani hakutajwa tena. Walimkwepa kwenye mazungumzo kama mtu anavyolikwepesha jipu lisiguswe. Binti alimkumbuka kimoyomoyo, kila aliposikia mwanamume akicheka kwa nguvu koridoni, na alitoka mlangoni kuangalia hata alipojua fika kwamba si yeye.

Na hilo ndilo kosa alilolifanya, kosa ambalo watu wa kazi yake peke yao wangeweza kulifanya: kumsomea mzazi jambo analoliomba kila siku, halafu kumuuliza kama maneno yamepangika vizuri.

Jumamosi alikwenda nyumbani. Njia nzima, aibu iliyoje, alikuwa bado anaomba mama aseme haisemwi, makala ipone. Alimkuta anageuza kola ya shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja bila taarifa, kuna nini?"

"Nina sentensi moja tu. Nyumbani kumerudi ng'ombe."

"Inasemwa," mama akajibu bila kuinua uso. "Hiyo ndiyo iliyokutoa huko kote?"

Makala ikafa palepale, na binti akashangaa kuona haikumuuma kama alivyotarajia. Akavuta kigoda akakaa.

"Na ile ya mtoto? Ulisema haisemwi."

Mama alikata uzi kwa meno, akaiweka kola mapajani.

"Inasemwa. Mimi naisema kila nikifungua mlango huo asubuhi. Lakini siku ile uliposema nyumbani kumerudi mtoto, nikajua umepata habari zake. Nikasimamisha mashine, nikainua macho nikutazame usoni. Nikakuta umeshika kalamu."

"Mama, nilikuwa natunga mifano tu."

"Najua. Ukatunga mara nne."

Binti alikosa pa kuuficha uso. Machozi yakamtangulia maneno.

"Mimi pia namkumbuka, mama. Nina hamu naye mpaka naogopa kulitaja jina lake."

"Mbona husemi?"

"Nilidhani hutaki kusikia."

"Na mimi nilidhani umeshamsahau, una miti yako."

Mchana ule walimzungumza Kepteni mpaka midomo ikawakauka. Walikumbushana uongo wake usio na miguu, na deni la mayai alilomsingizia paka, na namna alivyokuwa akila amesimama kama anayekimbizwa. Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Jua lilipopungua binti akamwandikia mhariri mistari mitatu ya kuiondoa makala, akaweka simu pembeni.

"Hebu iseme tena ile sentensi," mama akamwambia. "Si ya ng'ombe."

Binti akaisema, taratibu, kwa lugha yao. Mama aliinamisha kichwa upande akaisikiliza mpaka mwisho, kama afanyavyo anapopima kitambaa.

"Hiyo iko sawa," akasema. "Haina kasoro yoyote. Bado yeye tu."