Noah Iliyotoa Utomvu

Alhamisi asubuhi, nyuma ya nyumba yake pale Runzewe, Martina alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha dereva cha Noah yake, akigandamiza pande la barafu juu ya dashibodi. Barafu aliipata kwa muuza samaki. Utomvu ukipoa hukakamaa, na ukikakamaa hubanduka. Hapo aliukwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, taratibu, asije akachubua plastiki. Mabaki aliyapaka mafuta ya alizeti, akasubiri yalainike, akayafuta kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Mafuta ya taa, aliyoshauriwa na jirani, aliyajaribu kwanza chini ya kiti, pasipoonekana. Plastiki ikapauka, akayaacha.

Kazi ilikwenda vizuri. Shida ni kwamba kila alipomaliza upande mmoja, mwingine ulianza upya. Utomvu ulichomoza kwenye matundu ya kiyoyozi, kwenye mishono ya viti, kwenye kitambaa cha dari, mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea, ukashuka polepole. Nyuki walikuwa wameshaingia, wakatulia kwenye kioo cha nyuma bila kumsumbua mtu.

Fundi Selestine, aliyeitwa kuangalia, alipima oili, akawasha injini, akaizima.

"Gari halina kosa, Mama Rebeka." Akagusa utomvu, akanusa kidole. "Huu ni wa mninga. Mninga sio upande wangu."

"Utakauka lini?"

"Mti hukauka ukishatoa wa kutosha. Kwenye Noah sijui. Ilibeba nini?"

"Mahindi."

Ndivyo alivyoambiwa na mdogo wake Makoye, mchimbaji wa dhahabu, aliyeazima gari wiki iliyopita, akang'oa viti vya nyuma na kuvirudisha vikiwa vimelegea.

"Mahindi hayana utomvu," alisema Selestine, akaenda zake kunywa chai.

Gari lilitakiwa kuwa safi kesho yake. Mama yao alikuwa hospitalini Geita, ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na Ijumaa angeruhusiwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiona vivuli tu. Alishasema anachotaka kukiona kwanza. Si wajukuu, hao wangemjia wenyewe. Alitaka kuiona mininga ya ngitili aliyoachiwa na marehemu mumewe, kipande cha ardhi walichokifunga tangu wakiwa vijana ili majani na miti ipumzike. Aliyekata hata fito moja humo alijibu mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji wote. Macho yalipofifia, mama aliendelea kuilinda kwa mikono, akipapasa shina moja baada ya jingine, na kila shina alilijua kwa magamba yake. Aliitaja miti hiyo kama mtu anavyotaja shemeji zake.

Mchana Makoye akaja, vumbi la duara, shimo la kuchimbia dhahabu, bado kwenye nyusi. Alimkuta dada yake akisugua mkanda wa kiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mahindi yako yanavuja."

Makoye alichungulia ndani ya gari, akawatazama nyuki, kisha akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Ukuta ulikuwa unamomonyoka, watu wako chini," alisema. "Mwenye duara akasema tulete miti ya kuuzuia siku hiyohiyo, itoke popote. Lori lingesimamishwa. Noah ya kubebea maharusi nani ataisimamisha?"

"Ukakata ngitili ya mama."

"Nilikata iliyonyooka tu." Akapangusa vumbi kwenye nyusi. "Yote ilikuwa imenyooka, dada. Mama aliitunza."

"Basi kaitoe uirudishe, hata ikalale pale aione."

"Tukiitoa ukuta unatufunika. Watu wanashinda chini ya miti ile kila siku. Hata mimi."

Martina alilifikiria jambo hilo kutoka kila upande, akaona ni kweli. Akamrushia kitambaa. Walikwangua pamoja hadi jioni, na gari likawa safi kwa muda wa kutosha kulifungia milango.

Ijumaa mama alitoka hospitalini na miwani myeusi. Martina alikuwa ametandika kanga juu ya kiti.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akamshika mkono akamwingiza.

Mama aliketi, akaweka kiganja mlangoni, kwa kuwa alishazoea kukishika kitu kabla ya kukiamini. Kiganja kikanata. Akakinusa. Aliendelea kukinusa hadi walipopita Buseresere.

"Huyu ni wa kichuguuni," alisema. Akanyoosha mkono, akagusa dari. "Na huyu wa karibu na kisima. Wamefikaje humu?"

"Makoye aliwabeba, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Akawakalisha wapi?"

"Aling'oa viti."

Mama hakulia. Daktari alikuwa amemkataza hadi dawa za macho ziishe.

Walikwenda moja kwa moja kwenye ngitili. Makoye alikuwa akiwasubiri kati ya visiki. Mama alivua miwani, akaanza kwa kumtazama mwanawe, kwa sababu alikuwa hajamwona tangu hajaota ndevu.

"Umefanana na baba yako," alisema. "Yeye asingekata."

Kisha akaomba sufuria. Martina na Makoye waliukwangua utomvu garini, na mama akaupaka juu ya visiki kwa vidole, utomvu wa kila mti kwenye kisiki chake, akinusa kwanza ili asichanganye. Alipomaliza cha mwisho, Noah ilikuwa imekauka hadi kwenye mishono. Nyuki wakatoka kwa dirisha la nyuma.

Dagashida ilikaa. Makoye alitozwa ng'ombe, akapewa na kazi ya kuzuia mbuzi wasiingie kwenye visiki. Mwenye duara hakuitwa, kwa kuwa si mwanakijiji. Anaendelea kuchimba, na inasemekana anaulizia ngitili nyingine upande wa pili wa barabara.

Mvua za kwanza ziliponyesha, visiki vilichipua. Wiki hiyohiyo, chini ya ardhi, magogo yaliyoshika kuta za duara yalichipua pia, majani mabichi kabisa mbele ya tochi za wachimbaji. Watu wakapata pa kutundika mashati. Mwenye duara aliagiza matawi yapunguzwe yasikwaze kamba, na anayeyapunguza ni Makoye. Jumapili humpelekea mama kitawi kimoja.

Mama hukishika na kukinusa, ingawa siku hizi anaona vizuri.

"Wa kichuguuni huyu," husema. "Hajambo huko?"

"Hajambo, mayu. Ukuta wake haujasogea."

"Msalimie. Mwambie mtoto wake huku ameshanifika magotini."